Beseni la Langoni

"Nimesema hapiti."

"Na mimi nauliza, atazalia wapi? Barabarani, kama hana kwao?"

Mume wangu alikuwa nje ya lango, ameshika kamba. Mwisho wa kamba hiyo alisimama Bibi Harusi, mtamba wetu mwenye mimba ya kwanza, tuliyempa jina hilo kwa sababu hajawahi kufika popote kwa wakati. Mimi nilikuwa ndani, nimeliegemea lango kwa bega. Nyuma yangu ng'ombe ishirini na wawili walikuwa wanalia bandani, maana saa ya kukamuliwa jioni ilishapita.

"Umemkuta wapi?" nikamuuliza.

"Unajua nilikomkuta."

"Nataka uniambie wewe."

"Kwa jirani. Kwenye hori la maji."

"Alikuwa anakunywa?"

Akatazama buti zake. "Na wenzake."

Hao wenzake niliwaona jana nikipita. Udenda unawaning'inia mpaka magotini, na wanainua mguu mmoja mmoja kana kwamba chini kuna makaa. Miaka miwili nilikaa chuoni nikisomea mifugo, lakini hilo hata asiyesoma angelijua. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia bandani hauchagui. Maziwa yanakatika, ndama wanakufa, na shamba linafungwa mpaka wakubwa watakapoamua. Ng'ombe hao ishirini na wawili ndio kazi yetu, na ndio chakula chetu.

"Daktari hajapima bado," alisema. "Huenda si ugonjwa huo."

"Akipima akakuta ndio, utawafuta wangu udenda kwa leso?"

"Mama watoto, acha maneno. Mguu umeshatoka. Mmoja tu. Mwingine siuoni."

Ndama huja na miguu miwili ya mbele, pua imelala juu yake, kama mtu anayejitosa majini. Ukiona mmoja, ujue mwingine umekunjwa ndani, na usipopatikana mkono wa kuunyoosha, mama na mwana wote wanakwenda. Shambani hapa mkono huo ni wangu. Mume wangu ni hodari wa chochote chenye nati, lakini kiganja chake ni kama sepetu.

"Nielekeze, nitajaribu," alisema.

"Utamchana."

"Basi toka uje."

"Nikimgusa huyu sirudi humu. Wiki mbili. Na wewe umeshakanyaga kule, nawe huingii. Sasa niambie nani atawakamua hawa."

"Mimi nisiingie kwangu?"

"Usiingie kwako."

Akacheka, kile kicheko chake cha hasira. "Sawa. Ila aliyeacha lango wazi ndiye angestahili kulala nje."

"Lango nililifunga mimi mwenyewe!"

"Ulilisukuma," ilisema sauti nyuma yangu. "Hukulifunga."

Alikuwa mama mkwe wangu. Amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, fimbo magotini, na tangu tuanze kugombana hakuwa ametia neno, jambo lisilo la kawaida yake.

"Mama, nililisikia likigonga."

"Liligonga beseni. Tazama miguuni pako, mwanangu."

Nikatazama. Asubuhi nilikuwa nimeweka beseni la dawa langoni ili kila anayeingia akanyage kwanza, asituletee ugonjwa wa jirani. Ukingo wake ulikuwa umekaa kati ya lango na nguzo. Komeo lilikuwa limesimama upana wa kidole kabla ya tundu lake. Na mimi muda wote huo nilikuwa nimelisukuma lango kwa bega bila kujiuliza kwa nini.

"Nilikwambia linakaa vibaya," akaendelea. "Ukanijibu nikanyage, nisiongee."

Kisha Bibi Harusi akapiga magoti. Akalala ubavu kwenye changarawe, akasukuma kwa nguvu, shingo imenyooka, macho yamemtoka. Ule mguu ulitoka kidogo, ukarudi. Kwato yake ilikuwa nyeupe na laini kama sabuni iliyoloa.

"Anachoka," alisema mume wangu, polepole sasa. "Mama watoto, anachoka."

Nikageuka. Mwaka mzima nilikuwa nimemzuia mama mkwe asiingie bandani. Hanawi mikono kabla ya kukamua, nikimwambia ananijibu kwamba alikamua kabla sijazaliwa, na kuanzia hapo tunanuniana mpaka chakula cha usiku.

"Mama, utaweza ishirini na wawili?"

"Magoti hayataki. Mikono inataka." Akainuka kwa fimbo. "Mjukuu wangu yumo ndani, atanibebea ndoo."

"Mikono unanawa. Kwa kila ng'ombe."

"Nimesikia."

"Na beseni..."

Alikuwa ameshalifikia. Aliingiza mguu wa kwanza, kisha wa pili, akasimama mle ndani ya dawa kama mtoto kwenye dimbwi. "Mpaka wapi? Hapa?"

"Juu ya vifundo."

"Haya. Umeridhika?"

Nilitoa ufunguo wa chumba cha maziwa mfukoni nikamtia mkononi. Alipotoka kwenye beseni, nikaliburuta hatua mbili ndani. Nikachukua ndoo ya maji, kipande cha sabuni na kamba ya kuzalishia iliyotundikwa ukutani. Sikujipa muda wa kufikiri tena. Nikatoka.

"Vuta komeo, mama."

Lango likaja lote. Komeo likaingia kwenye tundu lake mpaka mwisho.

"Usifungue hata nikikuomba."

"Hasa ukiniomba wewe," alisema kutoka ndani, na fimbo yake ikaanza kugonga kuelekea bandani.

Nikapiga magoti kwenye changarawe, nikapandisha mkono wa gauni mpaka begani, nikajipaka sabuni.

"Baba watoto, shika mkia. Akisukuma, niambie."

"Anasukuma."

Nikangoja aachie. Alipoachia, nikaingiza mkono, nikafuata shingo ya ndama, nikashuka kifuani, mpaka nikalipata goti lililokunjwa. Nikalirudisha nyuma, nikaifunika kwato kwa kiganja ili isimchane mama yake, nikaanza kuuvuta mguu kuja kwangu.