Waliozama Hawana Stika

Jumamosi ya pili ya Januari, kama ilivyo ada, madiwani wa jiji walikutana katika ukumbi wa maktaba kupanga vipaumbele vya mwaka. Karani wao, Bi Floreen, alikuwa amekwisha kubandika karatasi kubwa ukutani, kila hoja na karatasi yake, na kahawa ilikuwa inachemka. Kisha akatandika taulo kwenye viti vya safu ya nyuma, maana waliozama walikuwa njiani na viti vile ni vya kitambaa.

Waliingia pamoja, wametota chepechepe, wakajipangusa miguu mlangoni. Walikuwa watu waliofia kwenye handaki la Mtaa wa Pecan, pale barabara inapopita chini ya reli na maji ya mvua hujaa kabla dereva hajang'amua. Walikuja siku hiyo tu kila mwaka, kusikiliza kama handaki litatengenezwa. Kusema hawakuruhusiwa. Mwanasheria wa jiji alikwisha kutoa maoni kwamba msemaji kikaoni lazima awe mkazi, na ukazi wa mtu hukoma akizikwa. Kahawa lakini walipewa.

Diwani Odessa Pruitt hakugeuka upesi. Alijipaka rangi ya mdomo kwanza, akafunga kioo chake, ndipo akatazama. Lucius alikuwa kiti cha pembeni, na koti lake la kazini, maji yakimchuruzika ndevuni. Mumewe huyo alizama alipokwenda kumnunulia yeye dawa ya kikohozi. Baada ya matanga watu wa mtaa walimchagua Odessa awe diwani, wakisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na huyu amekilalia.

"Umependeza," Lucius alimwambia walipokutana kwenye birika.

"Acha uongo wako. Nimezeeka."

"Sasa mimi nisiyezeeka nitajuaje?"

Odessa akacheka, kicheko ambacho hakuwa amekicheka tangu Januari iliyopita.

Mshauri wa kukodiwa, dada mchangamfu aitwaye Gretchen, aligawa stika za bluu. Kila diwani angebandika zake kwenye hoja anazozitaka. Hoja tano zenye stika nyingi zingekuwa vipaumbele: hizo ndizo jiji lingezifanyia kazi, na hizo ndizo lingepeleka kwenye bunge la jimbo kuomba sheria na fedha. "Zitakazobaki hatuzitupi," alisema Gretchen. "Tunaziegesha."

Handaki lilikuwa limeegeshwa tangu enzi za meya wa kabla ya huyu.

Uwanja wa besiboli ulipita. Maegesho yakapita, na taa za kando ya mto, na magari mapya ya polisi. Kwa nafasi ya tano, handaki likaenda sare na chemchemi ya bustani, jambo ambalo halijapata kutokea. Diwani mmoja alikuwa ameharibikiwa gari mle handakini mwezi wa Novemba, na safari hii akaliunga mkono. Stika iliyobaki ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya Odessa.

"Haya, Odessa, leo umetuweza," alisema Meya Wickham, mwenye hoja ya chemchemi. "Malizia tukale."

Odessa akainuka. Alipopita safu ya nyuma, Lucius alimshika kiwiko, na mkono wa blauzi ukalowa.

"Ibandike, mke wangu. Umelihangaikia mno."

"Likitengenezwa, mwakani utakuja?" Odessa alinong'ona.

Lucius akatazama kikombe chake. "Nije kufuata nini? Tutalala, Odessa. Hawa wote wamechoka."

"Na mimi je?"

Mzee wa kiti cha pili, aliyezama na suti yake ya kanisani, akasema taratibu, "Binti, usitufanyie hivyo."

Miaka yote Odessa alikuwa amebandika stika zake kwenye handaki akijua hazitatosha. Ilikuwa kazi rahisi. Alisimama mbele ya ukuta hadi Gretchen akakohoa, kisha akaibandika kwenye chemchemi.

Meya akapiga makofi. Waliozama wakainuka mmoja mmoja, wakakunja taulo zao vizuri, wakatoka. Lucius alikuwa wa mwisho. Hakuonyesha hasira. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka.

"Basi mwakani," alisema.

"Mwakani," Odessa akaitika.

Mvua kubwa ilinyesha Aprili, alfajiri, wakati muuguzi Tameka Rollins anarudi nyumbani kutoka zamu. Odessa alikwenda mazishini na keki, akaketi na mama wa marehemu, akamshika mkono. Chemchemi ilifunguliwa Juni, na watoto waliipenda.

Januari ilipofika, Odessa aliwahi ukumbini na gauni jipya. Waliozama waliingia, na Tameka akiwa miongoni mwao, na sare zake za hospitali, kiatu mguu mmoja. Viti havikutosha. Lucius akampisha chake, akaenda kusimama ukutani, na kutwa nzima hakutazama upande wa mkewe.

Tameka alisogea kwenye birika. Maji yake yakadondokea viatu vya Odessa.

"Samahani, Bi Pruitt. Mimi bado mgeni," alisema. "Huwa wanachukua muda gani kukubali handaki litengenezwe?"

Odessa akamjazia kikombe, akamwuliza kama anatumia sukari.