Gome la Mlungulungu

Maige, mjukuu niliyemlea tangu mama yake alipofariki, aliletwa kwa bodaboda kutoka machimbo ya Mwakitolyo, kifua kikimkoroma. Ujana wake wote aliumalizia kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Hospitali walipima kifua kikuu, hakikuonekana. Walisema ni vumbi la mawe, limeganda mapafuni.

Nikaenda kwenye mlungulungu, mti wetu wa dawa nyuma ya zizi. Gome lake hutolewa upande jua linakotokea na upande linakozamia, kiasi cha kiganja tu, kisha kidonda kinazibwa kwa samadi mbichi. Hivyo mti unabaki na ngozi ya kupitishia maji. Nilichemsha, Maige akanywa, na usiku ule alilala chali kama watu wengine. Nikaanza kutumaini.

Safiya, binti anayesomea dawa za mimea, alikuwa amechukua kipande cha gome lile kwenda kulipima. Wengi wakichukua hawarudi. Yeye alirudi, na mto wa kumwegemeza mgonjwa akaja nao.

"Shikamoo bibi. Ule uchungu, mti huutengeneza wenyewe kujikinga na wadudu. Tumeutenga maabara, umeua vijidudu vya kifua kikuu kwenye kichupa."

"Marahaba. Basi mjukuu wangu atapona?"

Akanishika mkono. "Vijidudu vina uhai, bibi, ndiyo maana vinakufa. Vumbi la jiwe halina uhai. Hakuna cha kuua."

Maige akacheka mpaka akakohoa. "Bibi, dawa yako imegonga mwamba."

"Nyamaza, kunywa."

"Kama anapata usingizi, mpe," Safiya alisema. "Kidogo tu. Gome likizidi linadhuru."

Basi tukabaki na usingizi. Lakini jirani yetu Justa alikuwa uani akipepeta mtama. Alisikia la vijidudu kufa, la jiwe hakulisikia, akaenda kusimulia kisimani. Habari ikafika machimboni.

Jumapili tulitoka kanisani tukaukuta mti umemenywa mzunguko mzima, kuanzia mizizi hadi mkono wa mtu unapofika, mweupe kama mfupa. Nilibeba samadi ndoo kwa ndoo, nikaukandika wote. Majani yakaanza kujikunja.

Jioni alikuja Adam, aliyekuwa karasha moja na Maige. Alisimama mlangoni na mfuko wa salfeti.

"Bibi, na mimi nilikuwepo. Wenzangu waliniambia ni mti wa porini, hauna mwenyewe. Nimerudisha fungu langu la gome."

"Na wewe utakunywa nini?"

"Nimeshakunywa, linanitosha." Kifua chake kilikoroma palepale.

"Ingia mkuu," Maige alimwita. "Huku hakuna karasha."

Nikamweleza Adam aliyosema Safiya, kwamba gome haliponyi vumbi. Akasema, "Hata kulala ni kitu, bibi." Nikawamiminia wote wawili.

Gome liliisha kabla ya mvua. Mvua ikanyesha, mti haukuchipua. Maige alikufa ameketi, mgongo kwenye mto wa Safiya. Adam alichimba kaburi akipumzika kila baada ya majembe machache, vijana wakitaka kumpokea jembe, anakataa.

Jana alikuja, akauliza kwa aibu kama kuna gome lililobaki. Nilikwangua matawi makavu, nikachemsha, nikaonja. Halikuwa hata na uchungu. Adam alikunywa lote, akanishukuru.