Jembe la Mgeni Rasmi

Severina alikuwa jikoni anachambua maharage, jioni jua likiwa limeshika vilele vya misindano, vikombe vilipoanza kugongana kwenye kichanja. Alidhani ni lori la magogo linashuka kwenda Mafinga, akaendelea kuchambua. Kisha akakumbuka kwamba ilikuwa Jumapili, na kwamba mtikisiko ulitoka chini ya kigoda chake, si barabarani. Yalikuwa maji. Yalipita chini ya jiko, chini ya banda la kuku, chini ya kisima chake kikavu, yakateremka bondeni kwa mwendo wa ng'ombe wanaorudi zizini. Severina akafuta mikono kwenye khanga, akainamia sakafu ya udongo akasalimu, "Kamwene." Kutoka chini akaitikiwa, "Kamwene," kwa adabu, na maji yakaendelea na safari yao.

Alifurahi hata akasahau kutia chumvi kwenye maharage.

Kisima kile alikichimba marehemu mume wake, Clement, na kwa miaka mingi kiliitosha nyumba na bustani ya kabichi. Kisha kikakauka, kama visima vyote vya kijiji cha Luvamba. Kuanzia hapo binti yao, Eveline, akawa anateka maji mtoni, ndoo kichwani, kabla ya shule na baada ya shule, mpaka shingo yake ikaanza kuzama mabegani. Siku moja aliitua ndoo katikati ya njia, ikiwa imejaa, akapanda basi la Mbeya na kwenda Mbalizi kuosha vyombo kwa mama ntilie. Alimwambia mama yake kwa simu kwamba atarudi siku kisima kitakapokuwa na maji. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana Severina alimwamini.

Basi walipofika wataalamu wa maji na kueleza mambo yao, Severina alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Walisema mvua ya Luvamba hushuka mlimani mbio na kwenda zake bila kuaga. Ikichimbiwa mitaro ya kukatiza mteremko itatulia, itazama ardhini, na visima vitafufuka. Ila mtaro wa mtu mmoja haufui dafu. Lazima uchimbwe mlima mzima.

Kijiji kikafanya kama kifanyavyo msimu wa kulima, kikaitisha mgowe. Katika mgowe watu wote huja na majembe, humfanyia kazi mtu mmoja, kisha hunywa pombe ya mtu huyo, ulanzi wa mianzi, na kumsengenya kidogo wakiwa njiani kurudi. Walutheri walichukua ubavu wa mashariki, Wakatoliki wa magharibi. Muhidini mwenye duka alileta mikate, akavua kanzu, akachimba naye. Hata majirani wawili wasiosalimiana tangu kesi ya mpaka walichimba mtaro mmoja, kila mtu akianzia upande wake, na walipokutana katikati ikawabidi waseme pole na kazi.

Kosa lilikuwa moja tu, nalo lilifanywa kwa heshima zote. Mgowe una mwenyewe. Mwenye shamba ndiye hupiga jembe la kwanza, ili ardhi ijue kazi ni ya nani. Mlima ule ulikuwa wa kijiji, na kijiji hakina mkono wa kushika mpini. Mwenyekiti, Liberatus, hakuona taabu, kwa kuwa shughuli kubwa namna ile ilitaka mgeni rasmi. Akamwalika Zabron, mwenye shamba la parachichi bondeni, mtu wa watu, mwenye bwawa lililotandikwa nailoni. Zabron alikuja na buti mpya. Akapiga jembe moja, akapigiwa vigelegele, akapigwa picha, akaondoka na jembe lile lenye utepe kama kumbukumbu. Wengine walichimba mpaka mvua za kwanza, wakanywa ulanzi kama ilivyo desturi.

Mvua ilinyesha vizuri. Maji yakatulia mitaroni, yakazama. Wataalamu walikuwa wamesema maji ya ardhini hutembea polepole, pengine miaka hupita kabla hayajafika mahali. Ya Luvamba yalikuwa na haraka. Kila jioni yalipita chini ya nyumba, watu wakashika vikombe vyao na kuyasalimu. Visima vilibaki vikavu, na bwawa la Zabron likafurika mpaka bata wakahamia.

Jioni moja Severina alilala kifudifudi sakafuni, akaweka sikio ardhini, akayauliza maji yanakwenda wapi.

"Nyumbani," yakasema.

"Nyumbani ndiyo hapa. Mtaro wenye jiwe jeupe nimeuchimba mimi. Mikono yangu hamuijui?"

"Tunaijua, mama. Una kovu kwenye kidole gumba." Maji yakapunguza mwendo kidogo. "Ulanzi ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Basi umeshalipwa. Sisi ni wa aliyepiga jembe la kwanza."

Severina alibaki pale chini hadi jiko likazima. Aliumia, na kilichomuuma zaidi ni kwamba maji hayakukosea. Mila ni mila, naye mwenyewe angewajibu hivyo hivyo watu waliolima shamba lake.

Mkutano wa kijiji uliona vivyo hivyo. Hakuna aliyebishana na maji. Dawa ilikuwa moja: mwenye mgowe alirudishe jembe mlimani na kulitia mikononi mwa wengine mbele ya ardhi, kama baba anayewagawia watoto shamba. Liberatus na Severina wakatumwa kwa Zabron.

Aliwapokea vizuri, akawapa soda. Hakukana hata neno. Alisema maji yanamsalimia kila asubuhi na kumwita baba, na kwamba yeye, ambaye watoto wake wako mbali na hawapigi simu, anasikia raha. Jembe lilikuwa ukutani sebuleni, juu ya televisheni, utepe wake ukiwa bado mwekundu.

"Mimi sikuyaita, mama," alimwambia Severina. "Yamekuja yenyewe. Miche bado midogo. Tuache msimu uishe, nitalifikiria."

Severina akalitazama jembe. Udongo ulioganda kwenye ncha yake ulikuwa wa pigo moja tu. Alitaka kusimama alishushe, akajizuia, maana aliyelichukua bila kupewa angekuwa mwizi na maji yasingemfuata mwizi. Liberatus akashukuru kwa soda, wakaondoka.

Hakumficha binti yake. Alimwambia kwa simu kwamba maji yamerudi lakini hayakurudi kwao. Nyuma ya Eveline zikasikika sahani za Mbalizi. Akasema amesikia.

Mvua zilipokatika alirudi. Shamba la parachichi lilikuwa linatafuta wamwagiliaji, kwa kuwa maji yamekuwa mengi, na mpira wa pampu haufiki mistari ya juu. Huko hupandishwa kwa ndoo, kichwani. Siku ya kwanza, Eveline alipochota bwawani, maji yakamuuliza ndani ya ndoo kama yeye ni mtoto wa Severina. Akasema ndiye. Yakamwambia mama yake anachimba vizuri. Akashukuru, akajitwisha, akapanda mteremko.

Severina alifurahi kulala tena nyumba moja na mwanawe, na aliionea aibu furaha hiyo. Usiku alimkanda shingo kwa mafuta ya alizeti.

Msimu umeisha, na mingine imepita. Miche imekuwa miti, na Zabron bado analifikiria. Mitaro ya mlimani imejaa tope, kwa hiyo Liberatus ameitisha mgowe wa kuizibua. Mgeni rasmi ni yule yule, maana jembe analo yeye. Severina ameshanoa la kwake.

Jioni Eveline hurudi akipanda, maji yakishuka, na aghalabu hukutana jikoni. Vikombe vinapoanza kugongana, Severina hushika sufuria lisimwagike.

"Kamwene," husema maji.

"Kamwene," hujibu Eveline.

"Kesho kazini?"

"Kesho," husema, akiinua miguu yake sakafuni ili yapite.