Mstari wa Spiriti

Dada yangu ni fundi wa maabara. Anajaza gesi kwenye mrija wa kioo, anaimulika, kisha anachora mistari inayojitokeza kwenye mwanga. Kila gesi ina mistari yake. Wataalamu wa anga huilinganisha michoro hiyo na mwanga wa sayari za mbali, wajue hewa ya huko imebeba nini.

Siku moja aliona mchoro mmoja, wa gesi ya aina inayojenga viumbe hai, una mstari wa ziada. Mrija ulikuwa umesafishwa kwa spiriti na haukukauka sawasawa. Akapima upya, mstari ukatoweka. Michoro yote miwili alimtumia Profesa, mkubwa wake wa kazi, kwa ujumbe, kisha akamweleza ana kwa ana. Profesa aliitikia kwa kichwa huku macho yakiwa kwenye simu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja tukinywa chai, redio ikatangaza kwamba Profesa amegundua kwenye hewa ya sayari ya mbali molekuli za aina hiyo inayojenga viumbe hai. Ushahidi ulikuwa mstari mmoja uliolingana barabara na kipimo cha maabara. Mama akapiga makofi. Dada alikuwa ameshika kikombe, hanywi, haweki chini.

"Hiyo ni spiriti yangu," alisema. "Anautangazia ulimwengu tambara la kusafishia."

Siku hiyo hiyo alimkuta Profesa kazini, ukumbini na waandishi wa habari. Zamu ya maswali ilipofika, akauliza ulitumika mchoro upi, wa kwanza au wa pili. Profesa akatabasamu, akawaambia wageni kwamba fundi wake kachoka, wataongea baadaye.

"Sijachoka. Wa kwanza ulikuwa mchafu, na nilikwambia. Mwanga wa sayari umejaa mikwaruzo, wewe umeokota mmoja uliofanana na uchafu wetu."

Wiki tatu baadaye makala ya Profesa kuhusu ugunduzi huo iliondolewa jaridani. Barua ya Profesa ilisema chanzo ni uzembe wa maabara. Dada aliisoma amesimama, mishipa ya shingo imemtoka, akaisoma tena. Kisha akaanza kuandika kwa wakuu, akiambatanisha tarehe na nakala za ujumbe wake. Barua sita hazikujibiwa. Ya saba ilijibiwa kwa sentensi moja: Profesa alikuwa ameonywa mapema kuhusu mchoro huo.

Mkurugenzi wa maabara akawaita wote wawili, akaomba wapeane mikono yaishe. Dada alimjibu kwamba kazi ataifanya kama kawaida. Salamu, hapana.