Mgonjwa wa Kwanza

Saa mbili na nusu asubuhi walimvika Asekenye gauni la kijani lisilofungika mgongoni, wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu na kumsukuma hadi mlango wa thieta mpya ya upasuaji. Hapo wakakwama. Mlango ulikuwa na kufuli, na mbele ya kufuli utepe mwekundu umevutwa kutoka nguzo hii hadi ile, katikati fundo zuri la maua. Chini ya utepe huo Asekenye alilala ubavu, magoti yamekunjwa, mkono umeshika tumbo upande wa kulia. Tangu jana mchana hakutia kitu kinywani, hata tone la maji.

"Vumilia kidogo, mama," alisema Sista Lillian. "Mgeni rasmi anafika saa nne."

Maumivu yalimwanzia juzi kwenye njia ya panya, gunia la mchele liko kichwani. Alilitua, akatapika kwenye mahindi ya watu, akajitwisha tena, maana mchele wa tajiri wake, Madamu Shallon, lazima uingie Kenya kabla jua halijawa kali. Hana kazi nyingine. Mume alikufa, shamba la kule Mella shemeji zake wakaligawana matanga hayajaisha, yeye akabaki na watoto watatu na shingo yake. Na mbebaji akipotea mwezi mzima, nafasi imekwenda. Pale mpakani Busia wanaongoja magunia ni wengi kuliko magunia yenyewe.

Ndiyo maana Daktari Oketcho alipomwambia kidole tumbo kimevimba na lazima kitolewe, hakuuliza kama atapona. Aliuliza, "Nitabeba tena lini?"

Oketcho alikuwa kijana mwembamba, mpole, aliyefundishwa upasuaji wa matundu madogo na madaktari wageni walioileta mashine ya thieta mpya. Alimchorea kwa kalamu palepale tumboni. Matundu matatu, kila moja ukubwa wa kifungo cha shati. Moja la kupitisha kamera, mawili ya vyuma. Gesi ya kufurisha tumbo haipatikani huku, lakini wao wamefundishwa kuliinua kwa kulabu, kama mtu anavyoinua turubai. Siku mbili yuko nyumbani, wiki tatu yuko kazini.

"Na kikipasuka kabla?"

"Kikipasuka, matundu hayatoshi. Ni kufungua hivi." Alipitisha kidole hewani, kuanzia juu ya kitovu hadi chini kabisa. "Hapo gunia utalisahau, mama. Pengine mwaka, pengine kabisa."

"Basi fanya sasa hivi."

Hiyo ilikuwa jana saa sita mchana. Mgonjwa tayari, daktari tayari, mashine tayari. Lakini nchi hii unaijua. Hata choo cha shule hakiingiwi kabla hakijazinduliwa, watoto na wabanane. Thieta ya zamani ilikwisha geuzwa stoo ya viti vya plastiki, na ufunguo wa mpya ulikuwa mfukoni mwa mkuu wa hospitali, Daktari Mangeni. Mangeni alisikia habari za Asekenye akafurahi kweli. Akasema huyo ndiye mgonjwa wa kwanza, mgeni rasmi atamwona kwenye skrini, awekwe mpaka kesho.

Saa nne ikapita. Nje, chini ya hema, spika zilikuwa zinapiga nyimbo zilezile, na watoto wa kwaya walikwisha kaa chini wamechoka. Saa sita Oketcho alimkuta Mangeni kwenye ukumbi, amevaa suti na ua kifuani.

"Mkubwa, huyu hawezi kungoja. Naomba ufunguo."

"Mgeni ametoka mazishini kule Petta, yuko njiani. Nusu saa."

"Hata saa nne ulisema nusu saa."

Mangeni alimtazama juu hadi chini. "Oketcho, barua yako ya kwenda kusoma iliandikwa na nani?"

"Ni wewe, mkubwa."

"Na ya kuongezewa mkataba ataiandika nani?"

Asekenye alisikia kila neno, maana walikuwa wamesimama miguuni pake kana kwamba kitanda hakina mtu.

"Basi tumpeleke hospitali nyingine," Oketcho alisema, sauti imeshuka.

"Kwa gari gani? Ambulensi imekwenda kumlaki mgeni."

"Daktari," Asekenye alisema kutoka pale chini, "kama mlango imefungwa, nikate hapa hapa."

Mangeni aliinama, akampigapiga begani. "Mama, wewe una bahati. Watu wote watakuona. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone." Akacheka. Alicheka peke yake, akaenda zake kuangalia maji ya chupa ya meza kuu.

Saa nane na robo maumivu yalikatika.

Yalikatika ghafla, yote, akabaki anashangaa. Alinyoosha mguu mmoja, akanyoosha wa pili. Hakuna kitu. Alimgeukia mama yake, Acom, aliyekuwa amekaa sakafuni na chupa ya uji mapajani, akamwambia, "Mama, imeisha. Haiumi hata kidogo."

Acom alimshukuru Mungu kwa Kiteso, taratibu, machozi yanamtoka. Alisema yeye alijua, alikesha akiomba. Akafungua uji. Asekenye naye alikuwa amejawa na furaha hadi akaona aibu kuwa amesumbua watu. Alikuwa anapiga hesabu za kesho: akitoka sasa analala Mella, alfajiri yuko Busia, Madamu hatajua hata kama aliugua.

"Sista," aliita, "mimi nimepona. Nakwenda nyumbani."

Lillian alisimama. "Maumivu yameisha lini?"

"Sasa hivi."

Sista alifunua shuka, akaweka kiganja tumboni, akabonyeza. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao wa kukatia nyama. Aliuondoa mkono, akachukua kikombe cha uji kutoka kwa Acom, akakiweka mbali.

"Sista, mbona unalia?"

"Silii," alisema Lillian, akatoka mbio.

Oketcho alikuja na mkasi wa bandeji mkononi. Alisimama mbele ya utepe, akamwambia askari wa mlangoni, Emoit, "Vunja hiyo kufuli."

Emoit alikuwa mzee, na alimpenda huyu kijana. "Daktari," alisema, "nikivunja, kesho wewe utakuwa bado daktari. Mimi sitakuwa askari. Vunja mwenyewe."

Oketcho aliushika utepe kwa vidole viwili. Mkasi ulikuwa wazi. Asekenye alimtazama kutoka chini, bado hajaelewa, bado ana furaha yake nusu. Dakika nzima ikapita. Kisha daktari akaurudisha mkasi mfukoni, akainama kumtundikia dripu, sindano ikakosa mshipa mara mbili.

Mgeni rasmi aliwasili saa kumi na nusu, king'ora cha ambulensi mbele yake. Kwaya iliimba, ikarudia. Hotuba zilikuwa nne. Maumivu yalikuwa yamemrudia Asekenye, sasa tumbo zima, na midomo ilimkauka hadi ikapasuka. Utepe ulipokatwa watu walipiga makofi, wakamsogeza kando ili wapite. Ndani, Mangeni aliwasha skrini, akaonyesha filamu ya mafunzo: tumbo la mtu wa mbali, safi, la waridi, linalong'aa. Mgeni alisema ajabu kweli. Walipotoka walimfunika Asekenye shuka hadi kidevuni, mgeni akamwekea mkono kwenye paji la uso, picha zikapigwa.

"Huyu moto sana," mgeni alisema, akipangusa kiganja.

Jioni Oketcho alimfungua kwa kisu, kuanzia juu ya kitovu hadi chini kabisa; kidole tumbo kilikuwa kimepasuka tangu saa nane. Mashine ilikuwa imekwisha rudishiwa nailoni yake.

Siku ya nne alikuwa wodini, mshono mrefu, mpira wa kutolea usaha ubavuni, alipomsikia mtangazaji kwenye redio ya kitanda cha jirani. Asekenye, mwanamke wa Mella, ilisema redio ikimnukuu mkuu wa hospitali, amepasuliwa kwa matundu matatu tu na kesho yake akarudi nyumbani kwa miguu yake. Simu ya Acom ililia kabla ya adhuhuri.

"Asekenye, nimekusikia redioni," alisema Madamu Shallon. "Mungu mkubwa. Sasa mbona hujafika?"

"Madamu, bado niko kitandani. Walinipasua tumbo lote."

"Redio imesema matundu."

"Hiyo redio inadanganya."

"Redio inadanganya, mkuu wa hospitali anadanganya, mkweli ni wewe peke yako." Shallon hakuwa na hasira, alikuwa na mchele. "Kesho alfajiri. Ukikosa nampa Aboth nafasi yako. Ama nionyeshe karatasi ya daktari."

Asekenye alimwomba Lillian hiyo karatasi. Sista alikwenda ofisini, akakawia, akarudi nayo imepigwa muhuri. Aliisoma kwa sauti ya chini, akitazama dirishani: mgonjwa huyu amefanyiwa upasuaji wa matundu madogo, amepona, anaweza kuendelea na shughuli zake. Lillian alisema alibishana na Mangeni, akaambiwa taarifa kwa wafadhili wa mashine ilikwisha tumwa na haiwezi kuwa mbili.

Sista alipoondoka, Asekenye alishusha miguu sakafuni. Aliuvuta mto, akaukunja, akautwika kichwani, mkono mmoja ukiushika, wa pili ukishika mshono. Alipiga hatua moja. Akapiga ya pili. Damu ilianza kuingia kwenye mpira.

"Mama," aliuliza, pumzi zinamkatika, "nimenyooka?"

Acom aliutazama mgongo wa mwanawe, uliopinda hadi uso unaelekea sakafuni.

"Umenyooka, mwanangu," alisema. "Endelea."