Bafta ya Bawa la Kulia

Wanaosema mume wangu alikuwa kichaa wanyamaze kidogo, mimi Sekela ndiye niliyeishi naye. Ndiyo, Jailos aliunda ndege kwenye banda la wazi uani kwetu Iyunga, kwa mbao za misonobari kutoka Mafinga na injini ya Volkswagen iliyopata ajali. Alikuwa anamtengenezea mama yake. Mama mkwe wangu miguu ilikuwa imevimba, moyo umechoka, daktari alishatuambia tujiandae, naye alitaka jambo moja tu: aione Tukuyu kwao kutoka juu kabla hajafa. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, nani angeacha?

Kufika mwaka 1979 ilibaki kuvika mabawa tu. Mama mwenyewe ndiye aliyeshonea bafta nyeupe kwenye zile mbavu za mbao, ameketi mkekani, akitugombeza kwamba tunailegeza. Bawa la kushoto Jailos akalipaka dawa ya kukazia kitambaa, likakauka, likawa gumu kama ngoma. La kulia lilikuwa bado kupakwa. Mama akafariki Jumatano asubuhi.

Kwetu mtu hazikwi bila nguo mpya ya kumfunika. Na madukani mwaka ule, weee, hata kipande cha kaniki hukipati. Jirani yetu Leokadia alizunguka Mbeya nzima akarudi mikono mitupu. Wanawake pale msibani wakaanza kulitazama lile bawa, kisha wakanitazama mimi. Hasira zilinipanda. Nikachukua mkasi nikaenda bandani, maana nilijua hakuna mwingine atakayethubutu.

Nikamkuta Jailos keshaanza. Alikuwa anafumua mishono ya mama yake mmoja mmoja kwa ncha ya kisu, machozi yanamtiririka. Nikamwambia akate tu, watu wanasubiri.

"Siwezi kumzika mama na kitambaa kilichochanwa," akasema.

Nikaweka mkasi chini, nikamsaidia. Iliniuma, jamani, iliniuma kuliko hata kule kaburini.

Mwezi uliofuata bafta ikaletwa duka la ushirika. Nilipanga foleni tangu alfajiri, nikapigana vikumbo na wenzangu, nikaipata. Nikamwekea mezani pamoja na sindano na uzi. Akaishika, akaipapasa, akaikunja tena vizuri.

"Washonee watoto mashati."

Nikamwuliza, na bawa je?

"Nikimaliza nimpandishe nani, Sekela?"