Dereva wa Ukutani

Hata kabla ya kuwasalimu wenyeji, Dada Taa aliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya baridi. Akaridhika, kwa sababu wauzaji wengi hulichemsha gari asubuhi mapema ili mnunuzi akija injini iwake bila kukohoa. Ndipo akageuka na kumwamkia mama mwenye nyumba.

"Marahaba, mwanangu. Ndilo hilo. Likague utakavyo."

Lilikuwa gari la mbio, jekundu, la milango miwili, chini kiasi kwamba mtu mzima hakuliingia bila kuguna. Mnunuzi alikuwa daktari wa meno mwenye kitambi cha heshima, aliyeendesha magari ya kubebea familia maisha yake yote. Sasa watoto walikuwa wamehama na yeye alitaka kujifurahisha. Alilizunguka gari mikono nyuma, asije akaanza kulipapasa na muuzaji akaona udhaifu wake. Yeye ndiye aliyemleta Dada Taa, fundi wa kukagua magari. Magari ya aina ile yalikuwa ya kuhesabika pale mjini, na alipoelekezwa nyumba tu, Dada Taa alijua ni gari gani. Mdogo wake alikuwa gerezani kwa ajili ya gari hilo, na tangu afungwe hakuna aliyemruhusu yeye kulisogelea.

Mdogo huyo waliyemwita Mlingoti, kwa urefu wake, alikuwa dereva wa nyumba ile. Alimpeleka mama sokoni na kazini kwa gari la kawaida, na hili la mbio kazi yake ilikuwa kulisafisha tu. Likihitaji kuhamishwa kivulini alilisukuma kwa mikono, kwa kuwa funguo zake zilikaa na kijana wa mama. Lakini mahakamani alikiri, kwa sauti ya chini, kwamba jioni moja alilichukua bila ruhusa akamgonga muuza maziwa na baiskeli yake, na mtu yule akafa. Dada Taa hakuamini hata kidogo. Kila alipokwenda kumwona, Mlingoti aliangalia meza na kuulizia hali ya mama yao.

Basi alifanya kazi yake. Aliomba mlango wa gereji ufungwe, akawasha ile taa ndefu iliyompa jina, akaipitisha ubavuni mwa gari taratibu. Rangi ya kiwandani hutulia chini ya mwanga, iliyorudiwa huonyesha mawimbi. Milango ilikuwa salama. Alipofika mbele alisimama.

"Bampa limepakwa upya, na hii madigadi ya kushoto pia," alisema. "Boneti si yake ya asili."

"Hatujaficha," alisema mama. "Daktari nilimweleza tangu kwenye simu."

Dada Taa akaiweka taa sakafuni, upande wa pili, atazame nafasi kati ya mlango na ubavu. Kivuli cha gari kikaangukia ukuta mweupe. Ndani ya kivuli hicho kulikuwa na dereva.

Siti ilikuwa tupu. Aliyekuwa ukutani alikuwa mtu mfupi, kifua karibu na usukani, kofia kaigeuza nyuma. Daktari aliinama akachungulia dirishani, akatazama ukuta tena, akatikisa kichwa kama alivyozoea kufanya akikuta jino limetoboka pale pale alipodhani.

"Kipo tangu siku ile," mama alisema. "Ukuta tumeupaka rangi mara mbili. Mpaka fundi wa rangi akasema tusimsumbue, tatizo si ukuta."

"Naomba funguo," alisema Dada Taa.

Kijana alizishusha mwenyewe kutoka ghorofani. Alikuwa mfupi, mpole, mwenye adabu. "Shikamoo, dada," alisema, akauangalia ukuta kama mtu anavyoiangalia picha yake ya kitambulisho, asiipende wala asiikatae. Kisha akapanda zake ngazi.

Injini iliwaka mara moja, na mlio wake ulikuwa safi, bila kugongagonga. Moshi ulikuwa mwepesi. Dada Taa akasikiliza huku macho yakiwa ukutani, kwa sababu injini ilipowaka kivuli kilianza kazi. Dereva mfupi aliegemea mbele. Baiskeli yenye madumu huku na huku ikatokea, halafu haikuwepo tena, likabaki gurudumu moja linazunguka hewani. Dereva akajifunika uso kwa mikono. Alishuka, akatazama chini, akatoa simu. Baada ya muda walifika wawili: mwanamke mwenye kitambaa kichwani, na mtu mrefu aliyekuja mbio. Yule mrefu alipiga magoti kwanza kwa muuza maziwa, akajaribu kumwinua. Mwanamke akamvuta mkono, akazungumza naye kwa kirefu. Mwishowe yule mrefu akajikunja akaingia garini, magoti yake yakagusa usukani. Alikaa tu. Usukani hakuushika.

"Siti hata hamkuirudisha nyuma," alisema Dada Taa.

"Tulikuwa na haraka," alisema mama.

"Aliyegonga si mdogo wangu."

"Najua, mwanangu."

"Ni huyu aliyepanda ngazi sasa hivi."

"Ndiye." Mama alilisema hilo kama anayethibitisha namba ya nyumba. "Mdogo wako alikubali mwenyewe, tukazungumza kifamilia. Nilimwambia atatoka haraka, na mimi niliamini hivyo. Dawa za presha za mama yenu nazituma mimi kila mwezi, sijakosa hata mara moja. Muulize mdogo wako."

Dawa hizo Dada Taa alizifahamu, alizipanga yeye mwenyewe kwenye kabati la mama yake. Alidhani zinatoka kliniki. Hasira ilimpanda, na kwa kuwa hakujua aipeleke wapi, alizima injini akakagua oili.

Kisha walilijaribu barabarani, yeye kwenye usukani na daktari pembeni. Akalipeleka kwenye njia iliyonyooka, akalifungulia, akalikamata kwa breki, akalipindisha. Daktari alicheka peke yake kama aliyetekenywa. Waliporudi alimvuta kando.

"Fundi, sema kweli. Kile kivuli kinalipunguzia mwendo?"

"Hapana."

"Kwenye kona?"

"Hata kwenye kona halina neno. Lakini umeona kilichotendeka, daktari."

"Nimeona, na nimesikitika, sikufichi." Alifikiri kidogo, kwa uaminifu. "Ila pale kwangu gari linalala chini ya paa tu, hakuna kuta. Hakitakuwa na pa kuangukia." Akaenda kupeana mkono na mama.

Dada Taa alitoka pale moja kwa moja hadi kituo cha polisi. Afisa wa zamu alimpa kiti akamsikiliza mpaka mwisho. Kivuli alikijua. Gari lilipokuwa limeshikiliwa pale kituoni, mtu akiliwasha tu mahabusu walijazana dirishani kutazama, ikabidi walihamishie upande wa uzio wa senyenge, usio na ukuta.

"Mbona hamkusema?"

"Mshtakiwa alikiri, dada. Na kivuli utakiapishaje?" Alimsindikiza hadi getini.

Siku ya kuwaona wafungwa alifika mapema. Mlingoti alikuwa amekonda na urefu wake umezidi kuonekana. Dada Taa akamweleza yote, gereji, ukuta, mama mwenye nyumba, afisa, na alipofika kwenye dawa za presha akalia. Mlingoti alisubiri amalize.

"Usimwambie mama," alisema. "Ataacha kuzimeza."

"Sitamwambia."

Askari magereza alipita nyuma yao, akaenda kusimama karibu na mlango. Mlingoti alimsindikiza kwa macho, halafu akasogeza kiti.

"Uliliendesha?"

"Niliendesha."

"Eti, dada. Linaendaje?"

Dada Taa alifuta uso. Akamwambia klachi yake ni ngumu kidogo na inashikia juu, ukiizoea inakuwa tamu. Gia ya kwanza usiiamini, ina papara. Ya pili linatulia, ya tatu ndiyo yenyewe, hapo linakusukuma mgongo na barabara inakuja yenyewe. Mlingoti alisikiliza macho kayafumba, mkono wake ukibadilisha gia juu ya meza, na mguu wa kushoto ukikanyaga sakafu pale panapostahili.

"Nilijua tu," alisema. "Nikilifuta vumbi nilikuwa najua."

Akamwomba aanze tena, tangu kuwasha, na safari hii asiruke kitu.